Kengele ya Kike ya Mzee Ambrus

Ukiniuliza Bori alikuwa mtu wa namna gani, nitakujibu alikuwa mbishi. Tulitenganishwa na uzio tu pale Tiszarév tangu nilipoolewa, na sikumbuki hata siku moja aliyokubali kwamba supu yangu imekolea. "Rozi mwanangu, hii ni supu au maji ya kuoshea vyombo?" Kisha anajaza bakuli la pili. Mumewe, mzee Ambrus, alikuwa mpiga kengele wa kanisa letu. Kwa siku alisema maneno matatu, na mawili yalikuwa "ndiyo, Bori".

Mto Tisza unapita nyuma ya bustani zetu. Zamani ulikuwa mto tu, tunauvuka kwa mashua kwenda kusaga, kuoa na kugombana. Vita vilipoisha wakaja wakubwa wapya wakaweka mpaka katikati ya maji. Sisi tukawa nchi ya Warusi, dada zetu wakabaki Hungaria. Ikaja seng'enge, ukaja ukanda wa udongo uliolimwa ili unyayo uonekane, wakaja askari na mbwa. Lugha ni ileile huku na kule, lakini ukimpungia mkono shangazi yako ng'ambo, kesho unaitwa kujieleza. Upuuzi mtupu, nilisema wakati ule kwa kunong'ona, leo nasema kwa sauti.

Kengele tu ndiyo walishindwa kuizuia. Yetu inasikika kwao, yao inasikika kwetu. Akifa mtu, kengele hupigwa muda mrefu na kukatishwa: mara tatu kwa mwanamume, mara mbili kwa mwanamke, mara moja kwa mtoto. Hata uwe shambani, unaweka jembe chini na kuhesabu. Kisha unajua ni nani, maana mji ni mdogo na wagonjwa tunawafahamu.

Bori na Ambrus walikuwa na mtoto mmoja, Gedeon. Mwaka wa arobaini na nne, wanaume wetu walipoitwa na Warusi kwenda "kazi ya siku tatu", mume wangu alikwenda. Mpaka leo siku tatu hizo hazijaisha. Ambrus yeye alimchukua Gedeon alfajiri akampeleka mtoni, wawili peke yao, akamvusha kwa dada yake ng'ambo. Kijana akabaki huko. Kila mtu alijua kwamba mkimbizi kama yule akikanyaga tena ukingo wetu, safari yake ni Siberia.

Miaka mitano Bori hakumwona mwanawe. Alichobaki nacho ni moshi wa bomba la nyumba ya wifi yake, aliokuwa akiuangalia kila asubuhi kabla ya kulisha kuku. "Leo wamechelewa kuwasha," ananiambia, na siku nzima roho haimtulii.

Oktoba ya arobaini na tisa Ambrus alikuwa kitandani kwa kifua tangu kiangazi, na Bori ndiye aliyekuwa akipiga kengele badala yake. Siku hiyo tulikuwa uani kwake tunapika jamu ya plamu kwenye sufuria kubwa, tukipokezana mwiko, maana ukiacha kukoroga kidogo tu inaungua. Bori aliingia ndani kumpa mumewe maji. Alipotoka, bilauri ilikuwa bado imejaa.

"Amekwenda," akasema.

Nilimkumbatia, tukalia. Lakini baada ya muda akajitoa mikononi mwangu, macho yake yako mtoni.

"Rozi, nikiipiga, Gedeon atasikia. Namjua mwanangu. Kwa baba yake atajitupa majini mchana kweupe."

"Basi usipige."

"Mpiga kengele azikwe bila kengele? Kwani ni mbwa?"

Jamani, mdomo wangu huu. Laiti jamu ile ningeinywa ikichemka kabla sijaufungua. Nilisema, "Basi ipige ya kike. Katisha mara mbili. Atadhani ni bibi Teréz wa kona, yule amekuwa akifa tangu Pasaka."

Bori alinitazama. Mara ya kwanza maishani mwake hakunibishia. Akajifunga kitambaa cheusi, akapanda mnarani. Nilibaki nakoroga huku nahesabu. Mara ya kwanza akaikatisha. Mara ya pili. Kisha akamaliza.

Mji ulichanganyikiwa. Bibi Teréz mwenyewe akatoka barazani na fimbo yake akifoka, "Nani kaniua? Nani?" Pál mchimba kaburi akaja kucheka uani, "Bori, kumbe miaka yote hii umelala na mwanamke?" Mchungaji hakucheka, alitaka kengele irudiwe. Bori akamwambia, "Ukitaka ya pili, panda mwenyewe, baba mchungaji, na mguu wako huo mbovu." Mchungaji akaufyata. Sote tulikwisha kuelewa, na tulimwona ni mwerevu.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Jeneza liko uani, sisi wanawake tunaimba zaburi. Nikaona lango linafunguka. Akaingia mtu amelowa toka kichwani, bila viatu, matope mpaka magotini. Ni Gedeon. Alikuwa na mvi, kijana wa miaka ishirini na saba. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye jeneza. Kisha akamwona mama yake amesimama kando ya jeneza.

"Mama? U hai?"

"Umefuata nini huku?" Bori akamshika mashati. "Umefuata nini, mwanangu? Nani kakuita?"

"Nilihesabu mbili, mama. Nilidhani ni wewe." Akatazama jeneza. "Basi ni baba. Baba aliniapisha pale mashuani. Aliniambia, hata ukisikia kengele yangu, usivuke. Ya baba nisingekuja, nilimpa neno langu. Ya kwako hakunikataza."

Bori hakujua. Mume wa maneno matatu kwa siku, hilo hakumwambia.

Mbwa walikuwa wakibweka tayari. Unyayo ulikuwa umeonekana. Bori akakimbilia ndani kutafuta shati kavu la marehemu, na alipotoka nalo askari wawili walikuwa wameshamfunga Gedeon mikono. Hawakukubali avalishwe. Bori alifuata mpaka njia panda ameshika shati lile, akiwasemesha kwa Kihungari, nao hawakielewi. Sisi tulisimama. Mji mzima ulisimama, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyefanya lolote. Mimi pia.

Ilikuja barua moja, baada ya miaka miwili, kutoka mahali penye theluji. Hazikuja nyingine.

Nilimwomba radhi mara nyingi. "Nyamaza, Rozi," alikuwa akinijibu, "mikono iliyovuta kamba ni yangu." Aliendelea kupiga kengele miaka kumi na miwili, na hakukosea tena hata mara moja.

Alipokufa nilipanda mnarani mimi mwenyewe. Niliikatisha mara ya kwanza, nikaikatisha mara ya pili. Kisha nikasimama dirishani nikiangalia mto mpaka kamba ilipotulia, na hapakuwa na mtu anayevuka.