Mkebe Usio na Jina

Nimeuza samli sokoni Kuresoi tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni, na mafuta hayanidanganyi. Nayasugua kati ya vidole, nanusa, halafu naacha kijiko nje kwenye baridi ya alfajiri. Samli ya kweli hushika chembechembe. Iliyochanganywa hulala tu, laini, kama mtu anayeficha kitu.

Ndiyo maana nilipofika kwa kijana wangu huko Kiamunyi nikamkuta mjukuu wangu anang'aa, sikupiga vigelegele. Ukurutu ulikuwa umemla mashavu na viwiko, mpaka anavalishwa soksi mikononi asijikune damu. Sasa uso ulikuwa kama yai lililomenywa. Mweupe pia. Kwetu hakuna mweupe. Sisi ni weusi wa kung'aa, na najivunia.

"Mmempaka nini huyu?" nikamuuliza mke wa kijana wangu.

"Krimu tu, mum. Kuna mama anaichanganya mwenyewe huko mjini. Si umeona amepona?"

"Nimeona amechujuka."

"Ai, mum! Akiwa mgonjwa unalia, akipona unanuna."

Mkebe haukuwa na jina wala karatasi. Nikanusa: maua matupu. Nikamgeuza mtoto. Nyuma ya magoti ngozi ilikuwa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, mishipa inaonekana. Nikajiambia, hiki kitu hakijapona, kimenyamazishwa.

Nikaondoka na mkebe ndani ya kikapu, bila kuuliza mtu. Kuresoi nikaweka kijiko chake nje. Asubuhi krimu ilikuwa vilevile. Haikuganda, haikutengana, haikusema kitu. Nikazidi kuishuku.

Siku chache baadaye kijana akapiga simu. "Mum, mtoto amewaka! Uso wote mwekundu, macho yamevimba. Na mkebe hatuuoni."

"Niko nao mimi."

"Si unaona sasa? Hiyo ndiyo ilikuwa inamsaidia! Irudishe!"

Niliirudisha, lakini si mikononi mwao. Niliwaambia tukutane hospitalini.

Daktari wa ngozi alikuwa msichana mwenye uso laini kupita kiasi, kwa hivyo naye nikamtilia shaka. Akamshika mtoto, akanusa mkebe, na kijana alipomwambia ulikuwa umepotea, akauliza nani aliuficha.

"Mimi."

"Shosho, kushuku umeshuku vizuri. Nadhani ndani mna dawa kali ya kutuliza uvimbe. Lakini ukiikata ghafla, ngozi inalipuka. Nitampa ninayoijua nguvu yake, tuipunguze polepole."

"Kwa baridi haikuganda," nikamwambia.

Akacheka. "Baridi haionyeshi dawa, shosho." Halafu akagonga ukuta wa chumba kwa kidole. "Ngozi ni kama huu ukuta. Kati ya mawe kuna mafuta, na ngozi inajitengenezea yenyewe. Ya huyu ni haba. Maji yanatoka, vumbi na sabuni vinaingia. Ngozi ikiumia, inatengeneza mafuta mengine madogo sana, na hayo ndiyo yanaita moto. Kisha kuna mengine yanakuja kuuzima."

"Kwa hivyo mafuta yanapigana na mafuta."

"Karibu hivyo."

"Basi nimpake samli, iyasaidie yanayozima."

"Usimpake chakula kwenye ngozi iliyopasuka. Mwili unaweza kujifunza kukikataa."

Hapo niliumia kweli. Samli yangu! Mke wa kijana wangu akafunika mdomo kwa leso, nikajua anacheka. Lakini daktari hakumwacha pia. Akamuuliza anamwosha mtoto na nini. Maji moto, akasema, na sabuni ya kipande, asubuhi na jioni, kwa sababu watu kanisani walikuwa wanasema mtoto ni mchafu.

"Acha hiyo. Maji ya vuguvugu kidogo, halafu akiwa bado na unyevu, mpake hii."

Jeli ya mafuta, ile ya kawaida, isiyo na harufu. Tukatazamana mimi na mke wa kijana wangu. Kwa mara ya kwanza tulishuku kitu kimoja.

"Hiyo tu?" tukauliza pamoja.

Nilikaa kwao Kiamunyi kulinda. Kila akipakwa, nasimama mlangoni. Uwekundu ulishuka polepole, ukapanda tena kidogo, ukashuka. Weusi wetu ukaanza kurudi, kwanza masikioni. Asubuhi moja niliamka nikamkuta amezivua soksi kwa meno, amelala mikono wazi, na shavu halina mkwaruzo hata mmoja. Nikainama nikamnusa. Hakunuka maua.

Mama yake alitaka kuzitupa zile soksi. Nikamwambia azilete hapa. Nimezifua, ziko kwenye kikapu changu, ukurutu ukirudi nitamvalisha, maana simwamini mtu bado.