Kipira Namba Arobaini na Moja

Msinihubirie habari za kusamehe. Verlene Guidry ni shoga yangu wa miaka thelathini, tunashona pamoja kwenye baraza lake hapa Baton Rouge, na kisasi chake nimekionja naye mpaka tonge la mwisho.

Mambo yalianza mwezi Machi, mjukuu wake Junie akiwa na miaka kumi. Shule ya sanaa ni ya umma, haina ada, kila mzazi anaitaka, na kila mwaka nafasi ni sitini tu. Basi kila mtoto hupewa namba, na vipira vyenye namba huzungushwa ndani ya tundu la waya mbele ya watu wote. Namba yako ikitoka, unakwenda nyumbani na kipira chako. Siku ya kwanza ya masomo unakitumbukiza kwenye chupa kubwa ya kioo mlangoni. Kila mwaka una chupa yake, imebandikwa karatasi: watoto sitini.

Ikatoka arobaini na moja, namba ya Junie. Jumamosi mtaa mzima tulikula gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa bamia na kamba, kwa Verlene, na mtoto akatuimbia hadi sauti ikamkauka. Kipira alilala nacho chini ya mto.

Jumanne ikaja barua. Eti hesabu ilikosewa, samahani, rudisheni kipira. Verlene akavaa gauni lake la kanisani, akamshika Junie mkono, wakaenda kwa mwalimu mkuu, Bwana Carlisle Hebert. Yule bwana akamtazama mtoto, akatabasamu.

"Bi Verlene, wapo waliozaliwa kupanda jukwaani, na wapo waliozaliwa kupiga makofi. Wote tunawahitaji."

Mbele ya mtoto! Junie hakuimba tena, si kanisani, si akiosha vyombo. Septemba ndipo tukajua nafasi ilikwenda kwa mwana wa tajiri aliyeinunulia shule taa za jukwaa. Namba yake haikutoka kabisa, na sisi tulikuwepo.

Mimi ningemwendea Hebert na mwiko. Verlene aliandika barua kwamba kipira kimepotea, kisha akaomba kazi ya kushona mavazi ya maigizo palepale shuleni. Nilimwambia amerukwa na akili.

"Nataka anizoee," akanijibu.

Miaka mitano! Alishona simba, alishona malaika, alimtilia hata Hebert vifungo vya koti huku akimchekea. Watoto wale aliwapenda kweli, hilo silifichi. Lakini kila asubuhi alipita kwenye ile chupa ya mwaka wa Junie na kuhesabu kwa macho. Vipira hamsini na tisa. Yule mwana wa taa hakuwa na cha kutumbukiza, na Hebert, mwenye macho ya kutazama wafadhili tu, hakuwahi kuhesabu.

Kila mwaka wa tano shule huomba upya kibali chake kwa bodi ya elimu, na mwananchi yeyote hupewa dakika mbili za kusema. Safari hii Hebert mwenyewe alimwandika Verlene kwenye orodha ya wasifiaji. Alimwambia aseme tu lililo moyoni. Siku hiyo shoga yangu alirudi nyumbani akicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

Nikamuuliza, na wakifunga shule je, wale watoto waende wapi? Akakata uzi kwa meno. Akasema hana ugomvi na shule, anamtaka mtu mmoja.

Siku ya kikao aliingia na kapu la mavazi, mabawa ya malaika yamefunika juu. Chini yake ilikuwamo ile chupa ya mwaka wa Junie. Akaimimina mezani mbele ya bodi, vipira vikabiringika hadi kwenye makaratasi yao.

"Mimi nawashonea watoto wa shule hii," akasema. "Naomba mvihesabu."

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akasimamisha saa na kuhesabu mara mbili. Hamsini na tisa. Ndipo Verlene akafungua mkoba na kukiweka kipira namba arobaini na moja mbele yake.

"Huyu wa sitini ni mjukuu wangu, Junie Guidry. Mumuulize mwalimu mkuu nani aliingia bila kipira."

Hebert alikuwa ametota jasho. Akasema hamkumbuki mtoto huyo. Basi lile "simkumbuki" ndilo lililommaliza, maana mwenyekiti aliagiza daftari la mwaka ule liletwe palepale, na jina la mwana wa taa lilikuwemo bila namba. Kibali kikatolewa kwa sharti moja: Hebert aondoke kabla ya Juni.

Akasimama, akakusanya makaratasi yake. Alipofika katikati ya njia, msichana wa miaka kumi na mitano akainuka kwenye safu ya nyuma, akamtazama usoni, akaanza kupiga makofi, peke yake, polepole, mpaka mlango ulipofungwa nyuma ya yule bwana.