Niliomba faili langu la adoption Landani, nikakabidhiwa wino mweusi na boksi la tissue

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Landani, na chumvi nimeitia kidogo tu kwenye sehemu ya council, yaani halmashauri ya huku.

Mimi ni mtoto wa kuasiliwa. Mama aliyenilea ni Mtanzania, nesi mstaafu. Mezani kwake Kiingereza ni marufuku. Wenzangu waliwajibu wazazi wao kwa Kiingereza, mimi nikijaribu nanyimwa chapati.

Nikimuuliza kuhusu mama aliyenizaa, jibu ni lile lile: "Faili limefungwa, mwanangu."

Nikakua nikiamini nilitupwa. Iliniuma sana, sitanii.

Mwaka jana nikaamua. Kumbe hapa England ukishafika miaka kumi na nane, sheria inakuruhusu kuomba cheti chako cha kwanza cha kuzaliwa. Halafu unawafuata waliosimamia adoption, kwangu ni council, wakuoneshe faili.

Cheti kilikuja bila shida. Jina la mama: Rehema, mwanafunzi. Nililia kwenye basi, ghorofa ya juu, mbele kabisa.

Sasa council. Wakuu, council!

Nikahojiwa kama niko tayari kihisia. Nikaambiwa nilete bili ya maji kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Miezi ikapita. Mwishowe social worker, dada mpole kweli, akanipa faili na boksi la tissue.

Nafungua, kurasa zimepigwa wino mweusi. Hata "Rehema" wamemfuta, na cheti chenye jina lake ninacho mfukoni!

"Hizo ni taarifa za third party," akasema, yaani za mtu mwingine.

"Lakini huyo ni mama yangu."

"Exactly," akajibu, akanisogezea tissue.

Nikaenda kwa Mama na hasira zangu, nikamwaga karatasi mezani. Mama akashtuka.

"Wamekupa wenyewe? Kwa hiyo kusema si kosa tena?"

Nilichoka. Siku ya adoption ofisa alimwambia records zimefungwa. Mama, mgeni wa nchi na mwoga wa serikali, akaelewa kwamba na mdomo wake umefungwa, akisema tu atakamatwa, nami nitachukuliwa. Amekaa na hofu hiyo peke yake miaka yote. Nilimkumbatia.

Basi akanisimulia yote yaliyofutwa. Rehema alikuwa rafiki yake, walipanga chumba kimoja. Aliugua nikiwa mchanga, akafariki. Hakunitupa, wakuu. Alimwomba Mama jambo moja: "Mfundishe Kiswahili. Mama yangu kule Korogwe hajui Kiingereza."

Jumapili Mama akawauliza wanawake wenzake kanisani nani ana ndugu Korogwe. Kabla chai ya baada ya ibada haijapoa, namba ya Bibi, mama yake Rehema, ilishapatikana. Council wangeomba bili ya maji.

Nikapiga. "Shikamoo, Bibi. Mimi mtoto wa Rehema."

Akaitikia, "Marahaba, baba. Kumbe rafiki yake alikufundisha."

Nilichojifunza: faili ni haki yako, liombe. Ila kwanza kaa na aliyekulea, umhakikishie kwamba hakuna atakayemkamata.

Mliopambana na council, tiririkeni hapo chini. Wa kunicheka kwa kulia kwenye basi pia karibuni, ila kwa Kiswahili tu. Mama anasoma.