Ushanga Mweupe Juu ya Gobori

Bunduki ya mume wangu niliionea wivu kabla sijamwonea wivu mwanamke yeyote. Kila Jumapili aliipangusa kwa mafuta ya nazi, tena mafuta yangu ya nywele, huku akiisemesha kwa upole ambao mimi niliupata Idi hadi Idi. Lilikuwa gobori kuukuu alilokuja nalo kutoka kwao kusini, enzi za Mwingereza, alipofuata kazi bandarini. Tulikaa Temeke, upande ule ambapo nyumba zilikuwa zinaishia na mashamba yanaanza, na nguruwe mwitu walikuwa wakipanda kutoka bonde la Yombo alfajiri kuja kufukua mihogo. Nyama yao kwetu hailiwi. Tulichotaka ni mihogo yetu ikae ardhini mpaka tuing'oe wenyewe.

Mwaka mmoja gobori lile lilipasuka mdomo. Hakuumia, lakini mtutu ulichanika, ikabidi akate sehemu mbovu kwa msumeno wa chuma. Kisha akaona kitako nacho kirefu mno, akakipunguza, na mwishowe kikabaki kitu kifupi kisichoegemea tena begani, akawa anakishika mkononi kama bastola. Majirani walimcheka. Yeye alisema fupi ndiyo nzuri, haikwami kwenye matawi ya mikorosho. Tatizo lake lilikuwa moja tu: kile kinundu cha kulengea kinachokaa juu ya mdomo wa mtutu, ambacho watu wa bunduki hukiita shabaha, kilikwenda na kipande kilichokatwa.

Basi ikaanza kazi ya kutafuta shabaha. Fundi mmoja wa Keko alimchongea ya shaba. Ilipendeza pale uani, lakini jua la asubuhi likiipiga inawaka na kumjaa machoni. Akajaribu ya risasi iliyoyeyushwa. Hiyo ikapotea kabisa, maana nguruwe mweusi, kumepambazuka nusu, na shabaha yenyewe nyeusi. Akachonga mfupa wa kuku. Mfupa mweupe, mzuri, ukaruka kwa mshindo wa kwanza na hatukuuona tena. Na kila alichokijaribu, kabla hajanionyesha mimi, alikwenda kumwonyesha jirani.

Jirani huyo alikuwa mwanamke wa kwao, ameachwa na mumewe, shamba lake limepakana na letu. Mume wangu alimwita dada, yeye akamwita kaka, na mimi kwa mpango huo nikawa wifi. Wakikutana uani kwangu waliongea kilugha chao na kucheka. Mimi Mzaramo, nimezaliwa pale pale, nikawa mgeni kwenye ua wangu mwenyewe. Nilikuwa nikitwanga karibu yao kwa nguvu ili wasisikilizane vizuri.

Siku moja nikaliona gobori limeegemezwa ukutani na juu ya mdomo wake pana ushanga mmoja mweupe, mdogo, umefungwa kwa waya mwembamba uliopita tunduni. Nikaujua papo hapo. Sisi wanawake tulikuwa tukioga pamoja kijitoni, na shanga za kiunoni za mwenzako unazijua unavyojua kanga zake.

"Huu wa nani?" nikamuuliza.

"Ushanga tu."

"Naona ni ushanga. Nauliza wa nani."

"Wa dada. Nilimwambia natafuta kitu cheupe, kidogo, kigumu. Akanipa."

"Akautoa wapi?"

Akajifanya anaangalia waya. "Sikumuuliza."

"Na mie sina kiuno?"

Nikaingia ndani, nikafungua uzi wangu wa shanga nyekundu, zile nilizovishwa nilipotolewa mwali, nikachomoa mmoja na kumletea. Nikamwambia afunge huu, ule aurudishe ulikotoka. Alikuwa mtu mpole, lakini kwenye mambo ya bunduki hakuwa na upole hata chembe. Akasema atapiga kwa kila mmoja, na utakaolenga ndio utakaokaa.

Akaweka papai bichi juu ya kisiki nyuma ya nyumba. Jirani akasikia habari, akaja, akasimama kando amejifunga kanga kifuani, hana wasiwasi. Ushanga wangu ulipigiwa kwanza. Papai halikutikisika, udongo mbele ya kisiki ndio uliotimka. Akabadilisha, akashindilia baruti upya, akapiga kwa ule mweupe, na papai likaruka vipande hadi kwenye kanga yangu.

"Wako mnene," mume wangu akanieleza, kana kwamba nilikuwa nimemwomba maelezo. "Nikilenga, nauona ushanga, papai silioni."

Jirani hakucheka. Afadhali angecheka.

Ya papai ningeyameza. Yaliyofuata ndiyo yalinikaa kooni. Kwa desturi ya kwao, mwindaji akitoka, mkewe hukaa mkekani mpaka arudi. Hafagii, hawashi moto, hanyanyui sauti, hagombani na mtu, maana vurugu za nyumbani humfuata mtu porini. Hilo nilikuwa nikilitimiza siku zote, kwa kununa lakini nikilitimiza. Sasa ikawa kilichoko kwenye bunduki kimetoka mwilini mwa mtu mwingine, kwa hiyo huyo ndiye wa kukaa mkekani. Na mwindaji akirudi huanzia mlangoni kwa huyo aliyekaa, amshikishe bunduki, ndipo huyo awe huru.

"Kwa hiyo kesho mkeo ni yeye?" nikamuuliza.

"Mpaka nirudi tu," akasema, kwa unyofu wa mtu asiyejua anasema nini. Mchi ulikuwa karibu na mkono wangu, na Mungu anajua kwa nini sikuunyanyua.

Alfajiri akatoka. Mimi nilikuwa huru kama ambavyo sijawahi kuwa huru tangu aniweke ndani. Niliwasha moto, nikachota maji, nikafagia ua mpaka nikaona ninachimba. Kisha, ufagio ungali mkononi, nikavuka kwenda kwa jirani kuona kama anakaa inavyotakiwa.

Alikuwa amekaa. Mlango wazi, mgongo ukutani, miguu ameinyosha mkekani, mikono juu ya mapaja. Aliniona nilivyosimama mlangoni, akafahamu nimefuata nini. Nami nikafahamu kwamba asubuhi ile nina ruhusa ya kusema lolote na yeye hana ruhusa ya kujibu.

Nikasema. Nilimwambia mumewe alimwacha kwa haki. Nilimwambia udada wao huo nauona, sijapofuka. Nilimwambia aache kuleta kilugha uani kwangu. Mwisho nikamwambia lililokuwa linaniunguza hasa: "Shingoni umevaa shanga tele. Mbona ukatoa wa kiunoni?"

Midomo ilimcheza. Chozi likatoka, likateremka mpaka kidevuni, na hata kulifuta hakulifuta. Mtaa mzima uliujua mdomo wa yule mwanamke. Wauza samaki walikuwa wakimpunguzia bei ili aondoke mapema. Leo amekaa kimya.

Hapo ndipo niliposhikwa na wivu wenyewe. Ule wa kwanza ulikuwa mchezo. Maneno alikuwa nayo, na alikuwa anayameza yote ili nguruwe asimrarue mtu anayelala kwangu. Na mimi mwenye mume nilikuwa nimesimama na ufagio, nafanya vurugu ile ile inayomfuata mtu porini.

Mlio ukasikika kutoka bondeni. Mmoja tu. Gobori hupiga mara moja. Kulishindilia tena ni kazi, na nguruwe aliyejeruhiwa hakungoji umalize. Tulisikiliza. Hakukuwa na ukelele wa mtu wala wa mnyama. Yeye alinitazama, na macho yake yalikuwa na hofu ambayo nilitaka iwe yangu peke yangu. Nikauweka ufagio nje, nikavua ndala, nikakaa naye mkekani. Mabega yetu yaligusana na hakuna aliyesogea.

Tulikaa mpaka jua likaingia ndani. Kisha nyayo, na mume wangu akasimama mlangoni, ana tope hadi magotini, suruali imechanika, lakini mwenyewe mzima, hana jeraha. "Dada, tumempata," alianza, kisha akaniona. Akageuka kuitazama nyumba yetu ng'ambo ya pili, kana kwamba ameingia siko.

Alimpa bunduki. Jirani akaipokea, akailaza mapajani, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyefunguliwa. Kisha akanigeukia.

"Haya wifi," akasema. "Sema tena sasa, nikujibu."

"Aseme nini?" mume wangu akauliza.

Mwanamke yule akaukata waya kwa meno, akautoa ushanga, akauweka kiganjani mwangu na kunifunga vidole. "Za shingoni zote za buluu," akasema. "Kaka alitaka mweupe."

Nikamtazama shingo. Zilikuwa za buluu kweli, zote. Lakini sikumrudishia. Siku ile ile niliutia kwenye uzi wangu, kati ya zile nyekundu, nikafunga fundo. Mume wangu aliulizia shabaha yake, nikamwambia atafute nyingine, akaishia kwenye kipande cha kauri.

Nilijiona nimeshinda. Ushanga uko kwangu, mume yuko kwangu, na jirani hana kitu kwenye bunduki ya mtu. Ila tangu hapo, kila mkono wa mume wangu ulipozunguka kiuno changu, vidole vilipita juu ya shanga zangu nyekundu zote bila kutua, vikafika kwenye ule mdogo, vikasimama.