Mafuta ya Fisi

Juzi mjukuu wangu, ambaye Kitale nzima hakuna anayempiku kwa besiboli, alienda kucheza Bungoma. Nilinusa begi lake kwanza, maana nayajua mambo ya timu.

Nikiwa mtoto tulienda huko kwa lori kumwona kaka yangu Kamau akidaka golini mara ya kwanza kwenye mechi ya kandanda. Nilipakatishwa mkebe ulionuka kama panya aliyeozea kwa gunia la mahindi, na funza wakitambaa kwenye mfuniko. Nikadhani ndicho chakula cha wachezaji, nikamhurumia Kamau.

"Ni mafuta ya fisi," mzee mmoja akaninong'oneza. "Tukipaka goli, mpira hauingii. Na usiambie baba yako, si unajua ni mtu wa kanisa."

Wakapaka milingoti yote miwili. Kamau alipofika hapo alitapika, kisha akasimama katikati, mbali na milingoti, shati puani. Mipira ikawa inaingia tu kando ya milingoti.

"Kaa karibu na mlingoti, wewe!"

"Kuja unuse kwanza, mzee."

Tulichapwa vibaya. Kwa lori Kamau alilia, na wazee wakakubaliana kwamba dawa ilikuwa kidogo, safari ijayo wabebe debe zima.