Mbao za Baba Mkwe

Mkasa huu mke wangu huusimulia kila penye watu na kila mara anaongeza chumvi, basi acheni niusimulie mwenyewe, angalau aibu ibaki ya saizi yake.

Miaka ile ya sabini nilichuuza viazi kati ya Mbeya na Iringa. Baba mkwe alikuwa mgonjwa kwake Ipogolo, pale Iringa, na daktari alishatuambia hatapona. Nikapanga kichwani apandishwe lori, akalazwe Mbeya karibu na kwangu. Halafu nikakutana na mtu mwenye shida anauza mbao safi za msindano, na bei nzuri mimi hainipiti, nikanunua za jeneza, fundi akazikata kabisa kwa kipimo (mzee nilimpima kwa kamba akiwa usingizini, mara mbili, maana kamba hulegea), nikazificha palepale kwake, nyuma ya ghala la mahindi. Kumwandalia jeneza mtu anayepumua ni uchuro. Mkwe akifanya hivyo, hana pa kuweka uso.

Jumapili balozi wa nyumba kumi akaleta nesi wa misheni uani kwa mzee, atufundishe kumuuguza mtu asiyepona: apunguziwe maumivu, aulizwe mwenyewe anataka auguzwe wapi na nani awe karibu. Watu wakajaa, viti vikaisha, na shemeji yangu kwa wema wake akazunguka ghala akarudi na mbao, akazipanga juu ya matofali. Ningemzuia wangeuliza kwa nini. Nikamwacha.

"Nani ameshamuuliza mgonjwa wake?" nesi akasema.

Ili watu wanitazame mimi, wasitazame mbao, nikanyoosha mkono. "Kwetu kila kitu tayari."

"Tayari nini?" baba mkwe akauliza kutoka mkekani.

Bibi jirani akainuka, akageuka kutazama alipokalia. "Jamani, benchi hili mbona lina mabega?"

Mzee akaomba ashikwe mkono, akasogea, akajinyoosha juu ya ubao. Ukamtosha, utosi hadi kisigino.

"Mkwe," akasema akiwa amelala palepale, "kupima unajua. Kuuliza ndiyo hujui. Haya mchuuzi, tupatane. Mbeya siendi. Niuguzwe hapa, nisikie ng'ombe wangu wakirudi, binti yangu awe karibu. Dawa ya maumivu nataka, ya kuniongezea siku sitaki. Na mbao zibaki benchi."

"Lakini baba, angalau wiki moja Mbeya..."

"Bei moja, mkwe."

Uani wakacheka mpaka nesi akajifunika uso kwa khanga. Mimi nilimaliza somo nimekaa chini.

Mzee aliondoka miezi kadhaa baadaye, jioni, ng'ombe wanaingia zizini, mke wangu kamshika mkono. Tangu hapo simpangii mtu lolote kabla sijamwamsha nikamuuliza. Benchi hatukuligusa. Nilikwenda kununua mbao nyingine za jeneza, muuzaji akataja bei, akatulia akinisubiri nianze kupatana, maana ananijua.

Nikalipa.