Mikate ya Kumwona Mjukuu

Kila asubuhi, kabla ya kumpa mtu mkono, Anastasie hunusa viganja vyake. Akishanawa huvinusa tena, kisha huvifuta kwenye kitenge na kutoka nje. Watoto wa jirani pale mjini Baraka humwiga wakicheka. Yeye hawafukuzi.

Zamani alikuwa akitengeneza kasikisi, pombe ya ndizi, na wanywaji walivuka ziwa kutoka Ubwari kuifuata. Alikuwa mjane. Pombe hiyo ndiyo iliyomlea Florentine, binti yake wa pekee. Lakini Florentine aliolewa Nundu, katika ukoo wa watu wa kanisa ambao hawakutaka hata kuisikia pombe ikitajwa. Mama mkwe wake, Constance, alikataza muuza kasikisi asikanyage uani kwake. Mwaka 1956 Florentine alipojifungua mtoto wa kike, ndipo walipolegeza: Anastasie angeweza kuja kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, mradi aache pombe mbele ya mashahidi.

Aliacha. Wazee wa kanisa walisimama wakamtazama akivunja mitungi na kumwaga kasikisi yote ndani ya shimo lake la kuivishia ndizi. Udongo uliinywa taratibu mpaka ikaisha.

Hakutaka kwenda mikono mitupu. Zubeda, jirani aliyeuza mikate ya ndizi bandarini, alimfundisha kuponda ndizi mbivu, kuzichanganya na unga wa mahindi na mawese kidogo, kufunga kwa majani, na kuoka katika sufuria yenye makaa chini na juu ya kifuniko.

"We Anastasie! Mikono ya kukamua kasikisi leo inapika mukate," Zubeda alimtania. "Balevi batakulilia."

"Balie tu. Mi nataka kubeba mujukuu wangu."

"Basi ndizi tundika juu ya jiko, ziive polepole."

Lakini kikapu kilitaka ndizi nyingi, na sherehe ilikuwa imekaribia. Anastasie alitandika majani mapya katika lile shimo, akazifukia humo kama alivyofanya maisha yake yote. Zilitoka laini, tamu. Alioka, akapanda kamio, lori la kwenda Nundu, kikapu mapajani kimefunikwa vizuri, jua likiwaka.

Uani kwa wakwe, Constance alifungua jani la kwanza, akausogeza mkate puani.

"Hii ni nini, mukwe?"

"Mikate ya ndizi, mama. Zawadi ya mutoto."

"Iko harufu ya pombe."

"Hapana, mama. Pombe nilimwaga. Bazee baliona."

"Basi nusa we mwenyewe."

Anastasie alinusa. Alinusa tena, watu wote wakimtazama, akasema ni ndizi tu.

"Leo tutalewa bila chupa!" mwanamume mmoja alipaza sauti, na ua mzima ukaangua kicheko. Constance hakucheka. Kikapu kilipita mkono kwa mkono hadi kwa Florentine, aliyekuwa amempakata mtoto aliyefunikwa shuka. Florentine alinusa. Akainua uso.

"Mama, ulikuwa umeniahidi," alisema, akaingia ndani na mtoto.

Mikate ilitupiwa mbuzi. Anastasie aliambiwa arudi mwaka unaofuata, wakiona kweli amebadilika.

Aliporudi Baraka, Zubeda alisikiliza yote, kisha akaenda kuinama juu ya shimo. "Pombe iko hapa, dada," alisema. "Udongo wote ni pombe. Pua yako imeizoea tu." Anastasie alilifukia siku hiyohiyo. Alituma watu Nundu wakaeleze. Hakuna aliyerudi na jibu.

Mwaka uliofuata surua ilipita Nundu. Habari zilipomfikia Anastasie, mtoto alikuwa ameshazikwa. Hakuwahi kuuona uso wake.

Alinisimulia haya akiwa mzee, akimenya ndizi, bila kuinua kichwa. Nilikuwa na swali moja, nikamwuliza. Siku ile, aliponusa ule mkate mbele ya watu wote, ni kweli hakusikia pombe?

Aliweka kisu chini, akavileta viganja puani.

"Hapana," alisema. "Nilisikia ndizi tu. Hata leo nasikia ndizi tu."